Mama wa Vanguard Nyeupe

Rimoti ya televisheni ya nyumbani kwetu haijawahi kuguswa na mkono wa binadamu. Tangu inunuliwe imo ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa rababendi, na namba unazibonyeza kwa kukisia maana nailoni yenyewe imeshakuwa ya njano. Makochi yana vitambaa vya kufuma, chini ya vitambaa kuna shuka, na chini ya shuka, ukipekua, utakuta nailoni ya dukani ambayo mama aligoma kuitoa tangu mwaka 2014. Kwa hiyo nilipopata kibarua kwenye duka moja la urembo wa magari Sinza, nikaambiwa kazi ni kusaidia kuyavalisha magari ya watu nailoni, sikushangaa hata kidogo. Nilijiona nimerudi nyumbani.

Nilikuwa mwaka wa pili, Kemia. Chumba chuoni nilikosa, nikapanga na jamaa yangu Sinza Kijiweni, chumba kimoja na choo cha kuchangia. Boom mnaijua wenyewe: shilingi 10,000 kwa siku kwenye makaratasi, lakini ikiingia inakuta madeni yameshapanga foleni, la kwanza la mama ntilie. Kibarua kilikuwa Jumamosi, Jumapili na mchana wowote usio na kipindi. Kutoka Mlimani unashuka kwa daladala hadi Simu 2000, halafu unatembea.

Jina la kazi yenyewe ni PPF. Wateja wa makamo wakisikia wanacheka, maana kwao PPF ni ule mfuko wa pensheni wa mashirika ya umma, uliounganishwa na wenzake mwaka 2018 ikazaliwa PSSSF. Hii nyingine ni nailoni angavu inayobandikwa juu ya rangi ya gari ili vijiwe vinavyorushwa barabarani vigonge nailoni, visigonge rangi. Inasemekana chimbuko lake ni vita ya Vietnam, jeshi la Marekani lilipotaka kitu chepesi cha kukinga mapanga ya helikopta, na kampuni ya 3M ikakitengeneza. Kutoka helikopta ikahamia kwenye magari ya mashindano, kutoka hapo kwa matajiri, na kutoka kwa matajiri ikafika Sinza, ambako kila kitu hufika.

Nzuri ni ya poliyurethani. Unene wake ni mikroni 150 mpaka 200 hivi, yaani nene kuliko rangi nzima ya kiwandani, praima na klia ukijumlisha. Inavutika kama ngozi ya kiganja, na uso wake wa juu una tabia ambayo bosi aliifanyia mazingaombwe kila siku: anachukua kipande cha majaribio, anakikwaruza kwa brashi ya waya mbele ya mteja, halafu anafungua chupa ya chai na kumwagia maji ya moto. Mikwaruzo inapotea. Mteja anashika kiuno. Hapo bei ikitajwa haimuumi sana. Ya bei rahisi ni ya PVC, ngumu kidogo kuvutika, na jua la Dar likiipiga mwaka mmoja au miwili inageuka rangi ya rimoti yetu.

Nilidhani kazi ngumu ni kubandika. Kubandika kuna ufundi wake, sikatai: unanyunyiza maji yenye shampoo ya watoto, unailaza nailoni ikiwa inateleza, unaisogeza mpaka ikae, halafu unayasukuma maji nje kwa kipande cha mpira, kutoka katikati kwenda pembeni, bila kuacha hata kipovu. Kwenye kona unatumia joto na subira. Nilikuja kuona kwamba kazi inayokufungua macho ni ile ya kabla, kuosha. Gari linaoshwa, linasuguliwa kwa udongo maalumu unaofanana na ule wa kufinyangia watoto wa chekechea, unaong'oa masizi na chembe za chuma. Halafu unaingiza mkono kwenye mfuko mwepesi wa nailoni na kuupitisha taratibu juu ya rangi. Sijui kwa nini, lakini vidole vikiwa ndani ya nailoni vinasikia zaidi kuliko vikiwa wazi. Rangi ya kiwandani ni kama kioo. Rangi ya gereji ina vipele vidogo, vumbi lililotua kabla haijakauka. Baada ya miezi miwili nilikuwa naweza kufumba macho nikakuambia mlango upi ulishagongwa.

Kuna kifaa cha kupima unene wa rangi. Kwenye bati kinakusomea namba, kiwandani mara nyingi ni kati ya mikroni 100 na 150, na ukikuta 300 ujue pana historia. Ila kinahitaji bati. Bampa la siku hizi ni plastiki, na kifaa juu ya plastiki ni kama stetoskopu juu ya jiwe. Kwenye bampa unabaki na mkono wako tu.

Huyo mama alikuja Jumamosi moja ya Februari na Toyota Vanguard nyeupe ya lulu. Alikuwa amevaa dera na miwani iliyoning'inia kwa mkufu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyewahi kuongoza ofisi. Bosi alipomtajia PPF akasema, "Mimi hiyo nimeichangia miaka 27, na kiinua mgongo chake ndiyo hii unayoiona." Akapiga boneti kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempigapiga mtoto alale.

Kila Ijumaa alikuwa anakwenda shambani kwake ng'ambo ya Kibaha. Mnaopita Morogoro Road mnajua habari ya malori ya kokoto yatokayo Lugoba, mengine turubai limefunikwa nusu, mengine halipo kabisa. Wiki ya pili tu tangu anunue gari, kijiwe kiligonga ukingo wa boneti kikabandua rangi kiasi cha punje ya mchele. Alitaka boneti na bampa la mbele vikingwe kabla halijaja la pili. Aliyemuuzia alimhakikishia gari halijaguswa rangi, na shiti ya mnada kutoka Japan alikuwa nayo kwenye mkoba. Alinionyesha. Zile shiti zina mchoro wa gari na herufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mbele ya Vanguard yake hapakuwa na herufi hata moja. Na huenda shiti ilisema kweli. Gari linaweza kushuka bandarini likiwa zima na kugongwa hapa hapa mjini kabla halijafika kwa mnunuzi.

Maana bampa lilikuwa limepigwa rangi. Nililijua kabla hata sijamaliza kulikausha. Vipele upande wa kushoto, mstari wa tepu chini ya taa, na kwenye plastiki nyeusi ya ndani, pale mtu asipochungulia, ukungu mweupe wa rangi iliyorushwa na fundi mwenye haraka. Nikamwita bosi pembeni. Akapitisha kidole, akatabasamu.

"Kwani kakuuliza?"

Nikasema hajauliza.

"Basi. Ikishabandikwa haionekani. Piga kazi."

Ningependa kuandika kwamba nilibisha. Sikubisha. Kwenye kazi ile nilikuwa na 25,000 yangu, na wiki hiyo nilikuwa nadaiwa ya umeme. Pia nilijiambia, na hii ndiyo sehemu ya ujanja, kwamba namsitiri. Mtu mzima kanunua gari kwa kiinua mgongo, ana furaha yake, wewe mtoto unakwenda kumwambia ameuziwa uongo ili iweje? Tukabandika. Ilituchukua mpaka saa kumi. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwarobaini, akanitumia mtu kuniletea mihogo na juisi ya miwa, akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia Kemia. Akasema kitinda mimba wake naye yuko chuo, Dodoma, na huwa hapigi simu mpaka hela iishe. Saa kumi na nusu akalipa.

Niseme kidogo hapa kuhusu Sinza, maana watu wa chuo tunaipita tu kwenda kula kitimoto na kunyoa. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 kwenye ule mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ndiyo maana mitaa yake mingi imenyooka na ukipotea unajua umepotea wapi. Viwanja vilikusudiwa watu wa kipato cha chini wajenge kidogo kidogo. Leo kiwanja hicho hicho mbele ni saluni, pembeni baa, nyuma gereji, na juu wapangaji kama sisi. Ndani ya hatua mia mbili gari linaweza kugongwa, kunyooshwa, kupigwa rangi, kuvalishwa nailoni na kuuzwa kama jipya, na kila mmoja katika mnyororo huo akaapa kwamba yeye sehemu yake ameifanya vizuri. Na asiwe amedanganya.

Vanguard ilirudi Oktoba. Nailoni ilikuwa imeanza kuinuka upande wa chini wa bampa, mchanga umeingia, ukingo umekuwa mweusi kama kucha ya fundi. Kosa letu, tulikata ukingo mfupi. Bosi alikubali kubandika upya bure, na kubandua akanipa mimi, kwa kuwa nilishakuwa mzoefu.

Kubandua kuna kanuni. Unaipasha nailoni joto mpaka iwe laini, unaianza kwenye kona kwa ukucha, si kwa wembe, na unaivuta ikijikunja juu yake yenyewe, karibu ilale na uso wa gari, taratibu. Ukivuta kwenda juu kama mtu anayefungua bahasha, unaing'oa rangi. Nilifuata kila kitu. Boneti ilitoka safi. Bampa nalo likaanza safi. Halafu upande wa kushoto mlio ukabadilika. Nailoni ikitoka vizuri inalia kama tepu. Hii ilinyamaza. Nikatazama, nikaona weupe unakuja na nailoni, kipande cha ukubwa wa chapati, na nyuma yake plastiki nyeusi imetulia, laini, haina hata alama ya praima.

Hapo Kemia ilinijia yote kwa wakati mmoja, bila kuitwa. Bampa nyingi ni za polipropilini, na polipropilini haipendi kushikana na kitu. Bila kuisugua na kuipaka praima yake maalumu, rangi inakaa juu yake kama mgeni asiyevua viatu. Gundi ya nailoni, kwa upande wake, kadiri miezi inavyokwenda ndivyo inavyozidi kushika. Kukawa na vitu viwili vinavyovutana na rangi iko katikati. Ningevuta vipi tofauti? Hakuna namna. Tangu Februari jambo hili lilikuwa linasubiri tarehe tu.

Mama alisimama kwenye kile kiti cha plastiki, akaja, akavaa miwani. Bosi aliwahi: "Mama, hili bampa lilishapigwa rangi huko nyuma. Sisi hatukujua. Na risiti yetu imeandikwa, rangi iliyorudiwa hatuhusiki." Ni kweli imeandikwa, chini, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.

Mama hakumjibu. Akanigeukia mimi.

"Na wewe mwanangu, hukujua?"

"Sikujua, mama."

Akanitazama muda kidogo. Akasema haya. Akaomba bampa liachwe hivyo hivyo, akawasha gari, akaondoka na lile doa jeusi mbele kama jino lililong'oka.

Siku kumi na moja nilikaa na hilo neno. Wakati huo tulikuwa na test ya kwanza, na nilifeli, japo siwezi kumsingizia yule mama, maana hata bila yeye Kemia ya Kikaboni ilikuwa inanionea. Jamaa yangu wa chumbani nilimweleza. Akasema mimi ni fala. "Aliyedanganya ni aliyeuza gari. Aliyekunyamazisha ni bosi. Aliyelipwa ni bosi. Wewe ni kibarua wa 25,000, unajipa ukubwa usio nao." Nilitafuta kosa kwenye hoja yake na kusema kweli sikuliona. Mpaka leo naona ana haki kwenye kila sentensi. Ila yule mama hakumuuliza aliyeuza, wala bosi. Aliniuliza mimi, baada ya kunilisha mihogo, na jibu lilikuwa moja.

Namba yake ilikuwa kwenye fomu ya kazi. Nikaipiga usiku, nikiwa nje kwenye ngazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha. Kimya. Nyuma yake redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari.

"Mama, siku ile nilisema sikujua. Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Ile Februari. Wakati wa kuosha."

"Kabla sijalipa?"

Hilo swali sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa nimepanga kuomba radhi kwa uongo wa Oktoba. Yeye akapita moja kwa moja mpaka kwenye ule wa Februari, ambao mimi nilishauita sitara.

"Kabla hujalipa."

"Basi," akasema, akakata.

Alinipigia siku ya tatu, saa mbili asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya kuingia Yombo. Hakusalimia. "Fundi rangi amesema 160,000, na praima ya plastiki ikiwemo. Wewe utatoa ngapi?" Sauti yake haikuwa ya hasira wala ya msamaha. Ilikuwa sauti ya mkutano wa bajeti. Nikasema nusu. Akasema sawa, boom ikiingia nimtumie. Ikaingia, nikamtumia 80,000, ambazo ni siku nane za kula. Siku nane hizo nilikula kwa jamaa yangu, na kila sahani alinikumbusha kwamba mimi ni fala.

Nitakuwa si muungwana nikimchora bosi kama shetani. Alinifundisha kazi bila kunificha kitu, na siku mdogo wangu alipolazwa alinipa hela bila kuandika popote. Hoja yake alinieleza baadaye tukiwa tumetulia: ukianza kuwaambia wateja kila unachokiona, nusu wanaondoka na nusu wanadhani unawatisha ili uongeze bei, na muuza magari anayekuletea wateja anakuhama. Ni kweli yote, nimeyaona kwa macho. Novemba nilimwambia jamaa mmoja wa Crown kwamba fenda yake ya kulia ina puti nene, asubandike mpaka fundi aikague. Akashukuru, akaondoka na gari lake, hakurudi. Jioni bosi akanilipa siku yangu kamili, akaniambia, "Mdogo wangu, nenda kasome." Sikurudi tena. Ukitaka kujua kama napakumbuka, ndiyo, hasa harufu ya ile shampoo.

Ninachoamini sasa kuhusu nailoni yenyewe ni kidogo na cha kiufundi. Kama gari lako lina rangi ya kiwandani na unapita njia za malori, na hela unayo, bandika ya poliyurethani, ukingo ukunjwe ndani. Kama sehemu ilirudiwa rangi, uliza ilirudiwaje, na kama ni juzi, subiri angalau mwezi rangi ikomae. Na aliyeliosha gari lako mwulize ameona nini. Mwulize kwa maneno, maana kuna maduka ambako usipouliza ndiyo mwisho wa habari.

Mama aliniita Jumamosi moja mwanzoni mwa Desemba nikamkute gereji, nyuma ya Mori, gari lilikuwa tayari. Nilidhani ananiita nione hela yangu ilikokwenda. Nyeupe ya lulu ni rangi ngumu, inapigwa nyeupe kwanza, halafu tabaka la lulu, halafu klia, na fundi akizidisha tabaka la katikati mara moja tu, bampa na fenda havifanani tena. Huyu alikuwa amepatia, ukisimama hatua tatu. Ukisogea, bampa lilikuwa na ubaridi kidogo kuliko boneti. Mama alikuwa anazunguka gari, mkoba kwapani, fundi anamfuata huku akifuta mahali palipokwisha kufutwa.

Akafungua mkoba, akatoa mfuko wa nailoni, ule mwepesi wa kufungia maandazi, akanipa.

"Haya. Fanya kama unavyofanyaga."

Nikaingiza mkono. Fundi akanitazama vibaya. Nikaanza kulia, nikapita chini ya taa, katikati, nikarudi kushoto pale palipobanduka, taratibu, mara mbili. Palikuwa safi kuliko nilivyotegemea. Nikashuka chini, nyuma ya kibao cha namba.

"Kuna kipele kimoja," nikasema. "Hapa chini. Hakionekani."

Mama akavaa miwani, akakusanya dera lake, akachutama pembeni yangu.

"Nionyeshe."